Gunia Sita

Watu wa Kitale hupima kila kitu kwa gunia. Ukimuuliza mtu shamba lake lina ukubwa gani, atakwambia linatoa gunia ngapi. Ukimuuliza fahali wake alikuwa mzito kiasi gani siku ya kuuzwa, atakwambia gunia nne na debe moja. Kwa hiyo Kizito alipoanza kutengeneza magari ya mashindano katika gereji yake ya Kibomet, hakuna aliyeshangaa alipoyapa majina ya magunia. La kwanza liliitwa Gunia Kumi. La pili likaitwa Gunia Nane. La tatu, lile lililomuua mdogo wake, liliitwa Gunia Sita.

Lakini tusikimbilie kifo, kitafika chenyewe.

Gunia Kumi lilizaliwa kwa bahati tu. Mwalimu mmoja wa Kiminini aligonga nguzo ya stima kwa gari lake dogo la zamani, akalileta kwa Kizito, akasikia gharama, akaondoka asirudi tena. Kuku wakahamia ndani. Khisa, mdogo wake Kizito, ndiye aliyewafukuza. Alikuwa kijana wa maneno mengi na mikono myepesi kwenye usukani, aliyetoka kwao Bumula kuja kujifunza kuchomelea, na badala yake akajifunza kujaribu magari ya wateja barabarani bila ruhusa.

"Bro, hii ndai tukitoa milango na viti, itapaa," alisema.

"Itapaa iende wapi? Hebu niachie hapo," Kizito akamjibu. Wiki hiyo hiyo walitoa milango, viti, vioo, zulia na hata honi, na Kizito ndiye aliyekuwa wa mwisho kuweka spana chini.

Kila mwaka, mahindi yakishavunwa na mabua kukauka, tajiri mmoja mwenye shamba upande wa Endebess hufungua kiwanja chake cha zamani cha ndege ndogo kwa mashindano. Matairi hupangwa kuwa kona, watu hulipa kiingilio, na magari hutoka Eldoret na Nairobi yakiwa yamebebwa juu ya malori kana kwamba ni wagonjwa. Gunia Kumi lilifika kwa miguu yake lenyewe, likamaliza karibu na mkia. Khisa alicheka siku nzima. Kizito hakucheka, kwa sababu alikuwa ameona kitu. Kwenye mstari ulionyooka walikwenda sambamba na wale matajiri, ila kwenye kona gari lao lilijivuta kama ng'ombe aliyeshiba. Si nguvu iliyowapungukia, ni uzito uliowazidi. Tangu siku hiyo ugonjwa ulimwingia Kizito, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wepesi.

Gunia Nane lilichukua msimu mzima wa kulima na kupalilia. Kizito aliitupa bodi yote, akachomelea mifupa ya gari kwa mabomba ya kisima, akaivika mabati ya alumini yaliyotoka kwenye lori bovu la maziwa. Akabakiza injini ya mwalimu, ekseli za mwalimu na usukani wa mwalimu. Lile gari lilishika nafasi ya pili. Picha zake zikazunguka kwenye simu za watu, mtu wa Eldoret akaagiza la kwake, mwingine wa Webuye naye akaagiza la kwake. Sasa halikuwa gari moja tena, ilikuwa ni aina ya gari, na gereji ya Kibomet ilianza kuitwa kiwanda na watu wasiokuwa na haya. Vijana wa Nairobi wenye kofia za bei walilizunguka wakiuliza ni modeli gani hiyo.

"Gunia, bana," Khisa aliwajibu. "Ya Kibomet. Ati hamjawai iona?"

Hapo ndipo Kizito angetosheka, kama angekuwa mtu wa kutosheka.

Kwa Gunia Sita hakuacha kitu. Kiti cha dereva kilikuwa kiti cha plastiki, vile vya kukodishwa matangani, kilichokatwa miguu. Tangi la mafuta lilikuwa jerikeni. Kila chuma kilichoweza kutobolewa kilitobolewa kwa drili mpaka ukikiinua unaona mlima Elgon upande wa pili. Khisa naye alijipunguza. Aliacha ugali, akaacha pombe ya busaa kabisa, akanyoa nywele zote, akasema siku ya mashindano ataendesha pekupeku. Edah, mke wa Kizito, alimpikia mboga zake peke yake na kumtania kwamba akija kuoa, mkewe atamweka kwenye pochi.

Kilichobaki kizito kilikuwa ekseli za mwalimu. Kizito alizing'oa, akaweka za tuktuk ya mizigo, ambazo uzito wake haufiki nusu ya zile. Na kwa ekseli hizo sheria ilikuwa moja tu, kila dereva wa tuktuk mjini anaijua.

"Gunia sita ndio mwisho," mzee mmoja wa steji ya tuktuk alimwambia. "Saba itakufikisha, lakini usikate kona nayo."

Kwa hiyo gari zima, pamoja na petroli na Khisa ndani yake, halikutakiwa kupita uzito wa gunia sita. Likipita, ekseli ingekatika konani, na aliyeketi kwenye kiti cha plastiki angeumia vibaya au angekufa. Kizito alilijua hilo waziwazi. Alilirudia kila asubuhi mpaka Khisa akawa anamalizia sentensi kwa niaba yake. Ndiyo maana alitaka kulipima gari kabla ya kulikimbiza.

Mizani ilikuwa kwa mkwe wake. Mzee Wekoye, baba yake Edah, alikuwa dalali wa mahindi mwenye ghala nyuma ya reli, mtu mpole, mzee wa kanisa, mwenye koti la suti hata kukiwa na jua kali. Magari yote mawili ya kwanza yalipimwa kwake, na kila mara aliwapa soda.

Sasa, kila mtu Kitale anajua kwamba mizani ya dalali ina mkono. Gunia hutoka shambani likiwa limenona, likikanyaga sahani ya dalali linakonda ghafla. Kizito mwenyewe alikua akimsikia marehemu baba yake akiwalaani madalali mmoja mmoja kwa majina. Lakini hao ni madalali wengine. Kwa mkwe huendi kuuliza kama mizani yake ni ya kweli, kama vile huwezi kumuuliza mama mkwe kama nyama imeiva. Unavua kofia, unasema asante mzee, unapima. Ndivyo Kizito alivyolelewa Bumula, na hata wazo lenyewe la kuuliza halikumpitia kichwani.

Sahani isingebeba gari zima, kwa hiyo walipima gurudumu moja moja, matatu yakiwa juu ya mbao na moja juu ya sahani. Khisa aliketi ndani akizuia pumzi, kana kwamba pumzi nayo ina kilo. Wakulima waliokuwa kwenye foleni waliacha magunia yao wakaja kutazama. Kizito alijumlisha kwa sauti, gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Zilipungua kilo mbili kufika gunia sita.

Alipiga kelele, akamkumbatia Khisa akiwa bado amejibana kwenye kile kiti. Tazama basi jinsi mtu anavyoweza kupofuka. Ghalani pale, ambapo kila siku watu huangalia sindano ikigoma kupanda huku roho zikiwauma, Kizito aliiangalia sindano hiyo hiyo ikigoma kupanda akaruka kwa furaha. Nao wakulima, walioibiwa asubuhi hiyo hiyo, wakampigia makofi. Mzee Wekoye alikuwa amesimama mlangoni. Alipiga makofi naye, kidogo, kisha akasema ana simu ya kupokea.

Siku ya mashindano Khisa aliongoza. Hili lisemwe, maana baadaye watu walilisahau. Alilipita gari la Eldoret, akalipita na lile la Nairobi lililoletwa juu ya lori, na kila alipopita mbele ya watu aliinua mkono mmoja kuwapungia. Kizito alikuwa amekaa kwenye kona ya mwisho, machozi yakimlengalenga kwa fahari. Gari lilipoingia pale konani, gurudumu la mbele la kulia lililala chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Kisha Gunia Sita likapinduka, likapinduka tena, vumbi likalifunika. Mabomba ya kisima yalistahimili. Kiti cha plastiki hakikustahimili. Khisa alikata roho kabla gari la kumkimbiza hospitali halijafika kwenye lami.

Gurudumu lilikutwa kwenye mabua likiwa na kipande cha ekseli. Mwenye shamba alisema ekseli ilikatika gari lilipokuwa linapinduka, si kabla. Watu wakasema kijana aliachilia usukani awapungie wasichana. Mwingine akaapa kwamba alimwona Bumula siku chache kabla, kwenye harusi, mrija wa busaa mdomoni. Na siku ya mazishi, pale nyumbani Bumula, Kizito alipoulizwa na ukoo mzima, alisema gari lilikuwa sawa. Hakudanganya. Alikuwa amelipima kwa macho yake. Alijua pia kwamba Khisa hakuwa amegusa busaa kwa miezi mitatu, lakini hilo hakulisema, maana kama kosa halikuwa la dereva lingekuwa la gari, na gari lilikuwa ni yeye. Hivyo ndivyo Khisa alivyozikwa, kama mlevi aliyejiua kwa maringo. Mama yao, Nabwile, hakuinua uso mpaka watu walipotawanyika.

Siku ile Edah alikuwa na mimba changa. Mtoto alizaliwa mahindi yakianza kukauka, mvulana, wa pili baada ya binti yao Nasike. Akazaliwa na kilio. Alilia mchana, akalia usiku, akanyonya akalia tena, na Nabwile alipoletewa simu asikie sauti ya mjukuu wake, alisema maneno mawili tu: "Anataka jina."

Kwao jina la aliyekufa hurudi nyumbani kwa mtoto. Mtoto akilia hivyo huitwa majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine mpaka atulie. Nabwile alitaka aitwe Khisa, na Kizito alilitaka jina hilo kuliko alivyowahi kutaka wepesi. Likikosa kurudi sasa halitarudi tena, na Khisa angekuwa amekwisha kabisa, kama mtu ambaye hakuwahi kupita duniani. Lakini mwenye kauli ya majina alikuwa shangazi yao Nakhungu, dada ya marehemu baba yao, na shangazi alikuwa amekataa katakata.

"Mtu amejitupa mwenyewe hatumwiti," alisema. "Ukimwita, atamwonyesha huyu mtoto njia yake. Mtafutieni mtoto mtu alikufa vizuri."

Siku ya kumpa mtoto jina ikapangwa, Jumamosi, pale Bumula.

Jumatano yake Kizito alikuwa ghalani kwa mkwe wake akichomelea bawaba za mlango. Mahindi mapya yalikuwa yameanza kuingia na foleni ilikuwa ndefu. Mbele kabisa alikuwa mama mmoja wa miteremko ya Elgon, Cherono, mwenye sauti na gambuti zenye matope. Gunia lake la kwanza lilipimwa, akaangalia sindano, akaguna. La pili likapimwa.

"Mzee, hii mizani yako iko na njaa," alisema.

"Mama, kama hutaki, beba gunia zako uende," Wekoye alimjibu bila kupandisha sauti.

"Niende aje na lori imerudi? Ngoja kwanza." Cherono alishusha gunia lake mwenyewe, akavua gambuti, akapanda juu ya sahani akasimama wima. "Juzi kliniki wamenipima kilo themanini. Haya, someni hapo ni ngapi."

Mpimaji hakusoma. Mtu wa foleni alinyoosha shingo akasoma kwa sauti: "Sitini na moja!"

"Ati nimekonda kwa njia? Na hata chai nimekunywa?"

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Mzee Wekoye alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kizito naye alicheka ndani ya miwani yake myeusi, akacheka mpaka hesabu ilipomfikia. Karibu kilo ishirini zinaliwa kwa kila kinachokanyaga ile sahani. Gunia moja hukanyaga mara moja. Gari lao lilikanyaga mara nne.

Mara nne. Hiyo ni karibu gunia zima la kilo tisini. Mdogo wake aliingia konani na gunia la saba, na hakuna aliyemwambia kwamba amelibeba. Kizito alizima mashine. Cheko la watu liliendelea, akaliona kama linatoka mbali sana, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimlilia Khisa bila kumkasirikia. Alilia nyuma ya miwani, na watu wakadhani ni jasho.

Alingoja mpaka mkulima wa mwisho alipoondoka. Hakupiga kelele. Hata wakati huo hakuweza kumpigia mkwe wake kelele.

"Mzee, siku ile tulipima gari hapa."

Wekoye alikuwa anashona mdomo wa gunia. Hakuuliza ni siku gani. Alishona mshono mmoja zaidi, akaiacha sindano ikining'inia.

"Ulikuwa umesimama pale mlangoni," Kizito alisema.

"Nilikuwa."

"Mara nne, mzee. Tumepima mara nne na wewe unaangalia tu."

Mzee akaketi juu ya gunia. Alionekana mdogo ndani ya lile koti. "Ningesema nini, Kizito? Watu walikuwa wengi. Niseme mbele yao ati mizani yangu si ya ukweli? Wangenichoma na ghala na kila kitu. Nikasema nitakuita kando jioni. Jioni nayo nikafikiria, ah, si ni gari ya mchezo tu, uzito kidogo itafanya nini. Sikujua mambo ya ekseli. Mimi najua mahindi."

"Lakini nilisema. Nilikuwa naimba hiyo maneno ya gunia sita kila siku. Hata soda ulitupatia nikiisema."

Wekoye alijipangusa uso kwa kiganja. "Kila siku naona huyo kijana amekaa kwa kile kiti," alisema. "Kila siku. Lakini ukisema mbele ya watu, jua umesema nini. Umesema baba ya Edah ni mwizi na ni muuaji. Mtoto wako atakua akiambiwa hivyo shuleni. Ni sawa?"

Kizito alimchukia mzee yule kwa roho yake yote. Na bado alipookota vyombo vyake aliinamisha kichwa akaaga kwa heshima, akatoka.

Nyumbani Kibomet alimweleza Edah yote bila kuficha. Alikuwa ananyonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho, akamhamisha mtoto titi, na machozi yakaanza kumtiririka bila sauti yoyote.

"Baba Nasike, sema," alisema mwishowe.

"Ni baba yako."

"Ni baba yangu, najua. Na Khisa alikuwa anakula hapa mboga bila ugali ndio gari yenu iwe nyepesi. Mimi ndio nilikuwa napika. Mimi ndio nilikuwa namcheka." Alijifuta kwa leso. "Siku ya Jumamosi shangazi akiuliza, sema. Ya baba yangu, mimi nitabeba."

Kizito akamwahidi. Na kwa siku zote zilizobaki alikuwa karibu na furaha, kwa vile jambo lilikuwa rahisi. Alikuwa na neno moja la kusema, na neno hilo lingemrudisha Khisa nyumbani.

Jumamosi Bumula palijaa. Walikuja watu wa ukoo, majirani, katekista na wake wa katekista wa zamani na wa sasa, wote waliokuwepo siku ya mazishi. Mzee Wekoye alifika kwa pikapu ya kukodi akiwa na sukari, shali ya mama mtoto na gunia la mahindi. Kizito ndiye aliyelishusha. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, na bega lake lilijua kwamba hili ni gunia kamili, labda na zaidi. Watu wakasifu. "Huyu ndio mkwe!" walisema. Wakamkalisha kwenye kiti chenye mto, na kuku alipoiva firigisi ikawekwa kwenye sahani yake, kama inavyompasa mgeni mkubwa.

Shangazi Nakhungu alimchukua mtoto mapajani. Mtoto alikuwa analia, kama kawaida yake. Shangazi akaita jina la babu, mtoto akalia. Akaita jina la ami aliyekufa zamani, mtoto akalia zaidi. Nabwile, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mlango, akainua uso.

"Mwite Khisa," alisema. "Nakuomba."

Shangazi alimtazama wifi yake, na ilionekana wazi kwamba naye alikuwa amechoka na ukali wake mwenyewe. Akageuka.

"Kizito, wewe ulikuwa pale. Mimi sijui mambo ya magari. Sema hapa mbele ya watu, nisikie na masikio yangu. Ni gari, ama ni yeye? Ukisema ni gari, mimi mwenyewe namwita sasa hivi."

Kizito akasimama. Maneno alikuwa nayo tayari. Alitazama upande wa Edah, na Edah akatikisa kichwa kumkubalia. Alitazama upande wa Wekoye, akaona mzee ameshika firigisi mkononi bila kuila, mafuta yakimtiririka vidoleni. Kisha akawatazama watu. Walikuwa wengi. Walijaa viti, wakajaa mkeka, wengine wakajaa dirishani. Akawaza jinsi Edah atakavyokuwa binti wa mwizi kwenye nyumba ya wakwe zake, hata kama amesema atabeba. Akawaza wenye Gunia wa Eldoret na Webuye watakavyompigia simu. Na akawaza jinsi watakavyocheka: fundi wa Kibomet, mtoto wa mkulima, aliyerukaruka kwa furaha mbele ya mizani ya dalali. Lazima ukweli usemwe, katika yote hayo ni hili la mwisho lililomfunga mdomo.

"Gari lilikuwa sawa," alisema.

Akaketi. Nabwile alijiinua polepole kutoka mkekani, akatoka nje kuelekea jikoni, na hakuna aliyemzuia. Shangazi akashusha pumzi, akamwinamia mtoto, akamwita Mukhisa, si Khisa, jina la mzee mmoja wa ukoo aliyekufa usingizini akiwa ameshiba. Sijui kama mtoto alichoka au alikata tamaa, lakini alinyamaza. Vigelegele vikapigwa. Mzee Wekoye akaitia firigisi mdomoni, akaitafuna muda mrefu.

Jua lilipopunguza ukali Kizito alimkuta Edah nyuma ya nyumba, akianua nguo za mtoto. Mtoto alikuwa amelala begani kwake. Kizito akaanza kuanua naye.

"Nilikuambia useme," Edah alisema bila kugeuka.

"Watu walikuwa wengi."

Mikono ya Edah ikasimama kwenye kamba. Akamgeukia, akamtazama usoni kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Hayo ni maneno ya baba," alisema.

Akazichukua nguo alizokuwa ameshika Kizito, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akaingia jikoni kwa Nabwile, akafunga mlango.